Asubuhi za Kuinua Ng'ombe

Ng'ombe aliyedhoofika huinuliwa kuanzia nyuma. Mtu mmoja hushika mkia pale unapoanzia, wawili hupitisha gunia chini ya tumbo, na wa nne husimama kwenye pembe, si kwa kuvuta bali kwa kuzuia kichwa kisilale upande. Akishasimamisha miguu ya nyuma, ya mbele ataisimamisha mwenyewe, kama bado ana nia. Mambo haya niliyajifunza mwaka 2009 katika shamba la mama yangu kule Mutuini, pembezoni mwa mji, nikiwa na digrii ya uchumi na sina kazi.

Sisi hatukuwa watu wa ng'ombe wengi. Mama alifuga mmoja tu wa maziwa, aliyeletewa majani ya nepia ndani ya zizi. Kando ya zizi kulikuwa na vyumba vya mabati vya kupangisha, na chini yake shamba lililoteremka hadi kwenye kijito. Mwaka ule masika hayakuja. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakakauka kabla ya kubeba kitu. Nepia iligeuka kuwa vijiti. Mama alimuuza ng'ombe wake mapema, kabla mbavu hazijaanza kuonekana, na kwa siku nyingi baada ya hapo aliendelea kuamka alfajiri kwenda kukama, kisha akarudi jikoni na ndoo tupu. Nilitaka kumuuliza kama yuko sawa. Nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga upya, na nilipokuwa tayari nikaona wakati wa kuuliza umepita.

Riziki yangu ilikuwa tusheni. Familia moja ya Kihindi kule Muthangari ilikuwa na binti aliyechukia hesabu, nami nilikuwa nikienda kumfundisha alasiri akitoka shule. Wakati huo ng'ombe walikuwa wameingia mjini. Wamasai walikuwa wamepanda nao kutoka upande wa Kajiado, kwa sababu huko hakukuwa kumebaki chochote cha kutafuna, na sasa walikuwa wakilisha kando ya barabara na chini ya kuta za watu, popote palipokuwa na utepe wa nyasi. Madereva walipiga honi. Ng'ombe hawakuwa na nguvu ya kushtuka.

Mmoja wa wafugaji hao alinisimamisha karibu na lango la wale Wahindi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, amevaa koti kuukuu la suti juu ya shuka. Aliniuliza kama kule ninakotoka kuna mashamba yenye mabua. Nilishangaa amejuaje kwamba natoka mahali penye mashamba. Akaonyesha kwa fimbo viatu vyangu, vilivyokuwa na udongo mwekundu ambao nilidhani nimeufuta wote kabla ya kuingia mtaa ule.

Nilimwambia nitauliza nyumbani, kisha nikaanza kazi ninayoiweza kuliko zote, ya kuwaza. Ng'ombe wale wakileta ugonjwa? Majirani watasemaje? Hata miaka miwili ilikuwa haijaisha tangu watu wachomeane nyumba baada ya uchaguzi wakibishana nani ni wa wapi, nami nataka kumleta mtu wa mbali alale shambani kwetu. Na nikikataa, nimekataa ng'ombe au nimekataa mtu? Nilipomweleza mama, nilianzia mbali sana, kwenye hali ya hewa ya nchi nzima. Alinikatiza nikiwa bado sijafika kwenye ng'ombe.

"Mama yangu," akasema, kwani ndivyo alivyoniita maisha yangu yote, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Hayo mabua yananifanyia nini hapo? Mwambie alete."

Yeye na mfugaji walikubaliana wamesimama kwenye mpaka wa shamba, bila kunihusisha. Ng'ombe watakula mabua na kulala pale chini, na samadi yao itabaki kwetu. Kulikuwa na sharti moja tu, nalo mama alilisema mara mbili ili lisisahaulike.

"Siku mvua itagusa udongo, unatoka. Hiyo siku mimi napanda maharagwe. Sina mbegu ya kupanda mara ya pili."

Yule mfugaji akacheka. "Mama, hiyo siku mimi mwenyewe niko mbio kwenda nyumbani. Hata hutaniona."

Mama naye akacheka. Walionekana kama watu wanaotaka kitu kimoja.

Alikuja na ng'ombe kumi na mmoja. Alisema alitoka nyumbani na wengi zaidi, lakini hakusema wangapi, na wala hatukuuliza. Kati ya hao kumi na mmoja alimjali mmoja kuliko wote, jike mwekundu mwenye doa jeupe begani. Huyo hakuwa wake. Alikuwa wa nyumba ya mke wake. Kwao mwanamke akiolewa hugawiwa ng'ombe, na maziwa ya hao na ya uzao wao ndiyo hulea watoto wake. Wengine wote wa nyumba hiyo walikuwa wamekufa njiani. Alibaki huyu mwekundu, na alikuwa na mimba kubwa. Akizaa jike, mfugaji alimweleza mama, nyumba itakuwa na ng'ombe tena, hata kama ni polepole. Akizaa dume, angalau maziwa. Akifa, mke wake atabaki na sufuria na watoto.

Kwa hiyo sote tulijua tunachokiinua.

Kila kulipopambazuka yule mwekundu alikuwa chini, miguu imekunjwa, shingo imenyooka juu ya udongo. Mfugaji alishika pembe. Mama na mimi tulishika gunia. Mkia ulishikwa na mpangaji wetu mmoja, kijana mwenye bodaboda, ambaye alikuja siku ya kwanza kututazama tu na kucheka, akajikuta ameitwa. Siku moja alipochelewa ikabidi mimi nishike mkia, na aliponikuta hapo hakunihurumia.

"Kumbe mwalimu chuo kikuu ulienda kusomea kushika mkia," alisema. "Mimi nilishika mkia darasani bure, hakuna mtu alinipa digrii."

Mfugaji alicheka hadi pembe zikamponyoka. Kuanzia hapo naye akaniita mwalimu.

Tukishamsimamisha, ng'ombe alitetemeka mahali pamoja kwa muda mrefu, nasi tukabaki tumemwegemea pande zote, hatupumui vizuri, mpaka akapiga hatua ya kwanza. Nilikuwa namwangalia machoni nikitafuta ile nia. Sikuiona wala sikuona kinyume chake. Nilirudi nyumbani kuoga kwa kopo moja la maji, kwa sababu mifereji ilikuwa mikavu na maji yalinunuliwa kwenye mkokoteni, na hata katika hilo kopo moja nilifikiri kwamba lingetosha ulimi wa ng'ombe.

Kila jioni mke wa mfugaji alipiga simu. Stima ilikuwa ikikatwa kwa zamu mji mzima, na siku ambazo kwetu ilikuwako mfugaji alituachia simu yake tuichaji, kwa hiyo mara nyingi alizungumza akiwa amesimama kwenye mlango wa jiko letu. Sikuelewa Kimasai, lakini mazungumzo yalikuwa mafupi na yalifanana.

"Anauliza ng'ombe," alimlalamikia mama. "Tangu nitoke nyumbani, mimi hajaniuliza hata kama nimekula."

"Wewe unajua njia ya hoteli," mama akamjibu. "Ng'ombe anaijua?"

Mabua yalikwisha mapema kuliko tulivyodhani. Huko Muthangari, wenyeji wangu walikuwa na kisima chao wenyewe na bustani ya nyasi iliyonyunyiziwa maji kila asubuhi, na mtunza bustani alipozikata alizimimina nyuma ya banda la magari zioze. Nilizipita mara nyingi. Nilijiambia nikiziomba nitaonekana ombaomba, nisipoziomba nitakuwa mtu mbaya, na nikiziomba vibaya nitapoteza tusheni. Mwishowe nilimwomba mama wa yule binti kwa sentensi ndefu yenye samahani nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, amechanganyikiwa.

"Chukua tu," alisema. "Ni takataka hiyo."

Nikaanza kurudi Mutuini na gunia la majani mabichi. Yule mwekundu ndiye aliyepewa kwanza. Alikula polepole, akiacha mengine yaanguke, na mama akayaokota na kumrudishia mdomoni kama anavyolishwa mgonjwa. Kwa siku kadhaa aliinuka kwa shida ndogo zaidi. Lakini gunia lilikuwa moja na ng'ombe walikuwa wengi, na wengine walianza kutoinuka kabisa. Wa kwanza alikuwa fahali mdogo. Mfugaji alikaa karibu naye asubuhi nzima, kisha akaazima kisu.

Ni katika siku hizo aliponiambia jambo ambalo ningependa nisingelijua. Tulikuwa tumesimama tukitazama mawingu upande wa Ngong. Nikasema, kwa kutaka kumpa moyo, kwamba mvua ikija mambo yataisha.

"Hizi ng'ombe, mvua ya kwanza ndio inazimaliza," alisema. "Hazina mafuta. Na baridi ya huku kwenu si kama ya kwetu. Inaingia mpaka kwa mfupa."

Nilimwuliza, basi tuombe nini?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Mvua. Utaomba nini ingine?"

Jumapili hiyo kanisa la mama lilifunga na kuomba mvua. Wanawake walipiga magoti juu ya vumbi nje ya mlango kwa sababu ndani palijaa. Mama alikuwa mbele yangu, mikono juu, mgongo wa blauzi yake umelowa jasho, na nilijua anaona maharagwe. Nilifumba macho nami nikaona gunia chini ya tumbo jekundu. Nilijaribu kuomba mvua ya joto. Nikajaribu kuomba mvua ije kidogo kidogo, au ije baada ya ng'ombe kupata nyasi, jambo ambalo halina maana kwa sababu nyasi hutoka kwa mvua. Watu waliposema amina mimi nilikuwa bado nahariri ombi langu.

Ilinyesha mwezi wa kumi, siku ya kazi, mchana. Nilikuwa River Road, kwenye duka la kuchapisha, nikingojea nakala za barua zangu za kuomba kazi. Jenereta ilikuwa ikinguruma mlangoni. Harufu iliingia kwanza, ile ya vumbi linalolowa, kisha matone makubwa yakaanza kugonga mabati ya ng'ambo. Wauzaji wa barabarani walifunika bidhaa zao huku wanacheka. Mwenye duka aliacha mashine ikiendelea kutema karatasi, akatoka nje, akasimama katikati ya barabara amefungua mikono, na mteja mmoja akamwambia arudi, mvua haimlipii kodi ya nyumba. Kila mtu alikuwa na uso mpya. Mimi nilibana bahasha kifuani nikawa nauliza saa, kana kwamba saa ingebadilisha kitu.

Nilipofika nyumbani ilikuwa bado inanyesha, mvua nzito ya baridi, na udongo ulikuwa umeanza kuteleza. Nilimwona mama kwanza. Alikuwa sehemu ya juu ya shamba, amejifunga nailoni kichwani, anachimba na kutupia mbegu, anachimba na kutupia, akiteremka mstari kwa mstari. Chini kabisa mfugaji alikuwa anakimbia kati ya ng'ombe wake sita waliobaki, akiwafunika kwa magunia na kwa shuka lake mwenyewe. Alikuwa amebaki na lile koti la suti na kaptura.

Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake kitu. Hakuondoka, na mama hakumfukuza. Lakini mama alikuwa anapanda maharagwe kumwelekea.

"Mama," nilisema, "tungoje hata kesho."

Hakunyanyuka. "Nikingoja, mvua ikikatika, tutakula nini? Mwambie amtoe huyo mwekundu, amweke ndani ya zizi letu." Kisha akanipa mkebe wa mbegu, akaufuata kwa macho mkono wangu ulipousukuma kando, na akasema kwa sauti ya chini, "Basi enda kwake. Mimi siwezi kuwa mahali pawili."

Zizi lilikuwa hatua chache tu juu ya mteremko. Tulikuwa na gunia, na mpangaji alikuja bila kuitwa, akaiacha pikipiki imelala kwenye matope. Tulimwinua yule mwekundu kuanzia nyuma. Miguu ikasimama, ikateleza, akakaa. Tukamwinua tena. Matope hayakuwa na pa kushika, wala yeye hakuwa na pa kushika, na kila alipoanguka alianguka karibu zaidi na kijito. Mfugaji alikuwa akimsemesha kwa lugha yao sikioni, bila kukoma. Baadaye mama alishuka. Alikuwa amefika mstari wa mwisho ambao mwanga ulimruhusu kupanda. Akaweka jembe chini, akashika upande wake wa gunia, na tukajaribu tukiwa wote. Hakuinuka. Tulimjengea paa la mabati kuukuu juu yake na kuwasha moto wa vijiti vya nepia, ambao ulitoa moshi tu.

Asubuhi alikuwa amekufa, na pamoja naye wengine wawili. Jua lilitoka safi kabisa. Shamba lilikuwa linafuka mvuke.

Mfugaji alimchuna mwenyewe, kwa sababu ngozi ilikuwa ya nyumba ya mke wake na ilibidi ifike. Mimi nilishika mguu, ili kisu kipite vizuri. Alipofungua tumbo alifanya haraka, kama anayetaka kulipita jambo, lakini nilikuwa karibu mno kutoona. Ndama alikuwa amekamilika, na kwato laini na manyoya yaliyolowa, na doa jeupe begani mahali pale pale. Alikuwa jike. Yule bwana alimtazama, akanitazama, akamwomba mama gunia. Akamzika mwenyewe chini ya mgomba, bila kuniomba msaada.

Simu yake ilikuwa imeingia maji. Akaniomba yangu. Alizungumza akiwa amenipa mgongo, na safari hii hayakuwa mazungumzo mafupi. Kulikuwa na mahali aliponyamaza kwa muda, kisha akasema neno moja. Alipokata, alinirudishia simu akiwa amepangusa kioo kwa koti.

"Ameuliza ndama. Nimemwambia ilikuwa dume," alisema. "Dume haiumi sana. Mwalimu, ilikuwa dume, sawa?"

Nilisema sawa.

Aliondoka siku hiyo hiyo, na ng'ombe watatu na ngozi moja begani. Mama alimfungia viazi kwenye mfuko, naye akamshukuru kwa mabua, na mama akamshukuru kwa samadi, wote wawili wakitazama chini. Mpangaji alitaka kusema mzaha, nilimwona akiutafuta, lakini hakuupata.

Mvua iliendelea. Maharagwe ya juu yaliota vizuri. Ya chini, kule ng'ombe walikokuwa wamelala na sisi tulikokuwa tumekanyaga tukiinua, mengi yalioza. Mama alisema tutapata ya kula. Kando za barabara za Muthangari zilijaa nyasi hadi kwenye vifundo vya miguu, na hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Mtunza bustani aliendelea kuniwekea gunia langu kwa siku kadhaa, kwa wema, mpaka nikamwambia asiniwekee tena.

Simu ilikuja nikiwa River Road tena, kwenye foleni ya ngazi za ofisi moja iliyosemekana inaandika watu kazi. Sikuifahamu nambari mpaka niliposikia sauti. Alikuwa mwanamke, na Kiswahili chake kilitoka neno baada ya neno, kama cha mtu aliyekuwa amejizoeza.

"Wewe ndiye mwalimu?"

Nilisema ndiyo, shikamoo, habari ya nyumbani. Alizijibu salamu zote kwa uzuri. Nyuma yake kulikuwa na watoto.

"Ile ndama," akasema. "Ya ndani. Ilikuwa mke ama mume?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo tangu siku ile. Nililisema nikioga, nikitembea. Nilikuwa nimefikiria hata namna ya kulisema bila kuonekana nimelifanyia mazoezi. Lakini niliposikia pumzi yake ikingoja, nilianza kujiuliza kama mtu ana haki ya kumnyima mwenzake huzuni iliyo yake, na kama mfugaji alimhurumia mke wake au alijihurumia mwenyewe, na kama nikisema kweli ni nani nitakuwa nimemsaidia.

"Ilikuwa dume," nilisema.

"Umeiona na macho?"

"Niliiona."

Watoto walikuwa wanagombania kitu. Aliwanyamazisha kwa neno moja.

"Hata yeye alinyamaza kwanza kama wewe," alisema, na akakata.

Nilibaki na simu mkononi nikipanga maneno ya kumpigia tena, mpaka foleni ikasonga mbele na mtu wa nyuma akaniuliza kama naingia au siingii.